Bihogo Aliyeogopa Wakwe

Kijiji kizima cha Kanoni kilijua kwamba gari la Placidius linaogopa wakwe. Kingine chochote halikuogopa. Lilibeba magunia ya kahawa, lilibeba mikungu ya ndizi hadi Omurushaka, lilibeba kwaya ya usharika pamoja na ngoma zake, na siku moja lilimbeba fahali wa jirani ambaye mwenyewe hakutaka kubebwa, wala halikukohoa. Lakini lielekeze Kamuli, kwa wazazi wa Avelina aliyekuwa akiposwa, ukiwa umepakia madumu ya rubisi, pombe ya ndizi, uone vituko. Litakwenda vizuri mpaka watu waanze kuimba, kisha litaguna, litapungukiwa nguvu, litazimika. Lilikuwa limefanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili ujumbe wa kuposa ulirudi nyumbani na aibu yake, na pombe ya wakwe ikaishia kwa watu ambao hawakuwa na binti wa kuozesha.

Lilikuwa pikapu la dizeli la zamani, lenye wekundu wa udongo wa barabarani, na mwenyewe alikuwa ameliita Bihogo, kama anavyoitwa ng'ombe mwekundu. Ndiyo maana nyumbani kwake hakuna aliyesema gari limezimika. Walisema Bihogo amelala. Placidius alimnunua enzi zile kahawa ilipokuwa na heshima zake, na mwanawe Elipidius, huyuhuyu aliyekuwa akitafutiwa mke, alizaliwa kwenye kiti cha mbele cha Bihogo, mvua ikinyesha, hospitali ikiwa bado mbali. Placidius hakuweza kusimulia habari hiyo bila machozi kumlengalenga. Mkewe Agnetha alipoisikia alisema, "Wewe ulishika usukani tu. Aliyezaa ni mimi," akaendelea kumenya ndizi zake.

Agnetha hakuwa mwanamke wa kugombana. Yeye alinyamaza, na Placidius angetoa mbuzi ili agombezwe badala ya kunyamaziwa. Baada ya aibu ya pili ukimya ule ulikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Hatimaye mama alisema, akiwa hata hamtazami.

"Kamuli tutafika, Baba Elipidius. Tutafika hata kwa bodaboda, na Avelina tutampata. Sina wasiwasi na hilo. Mimi nauliza gari."

"Gari lina nini?"

"Ndiyo nauliza."

Placidius aliona njia moja tu ya kujinasua, nayo ilikuwa ya kijinga, kwa hiyo akaishika kwa mikono miwili. Alimwita rafiki yake Pastory, mshenga wao, mtu mwenye maneno matamu kuliko asali na kumbukumbu mbaya kwa madeni yake tu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akaapa mbele yake: Bihogo akilala tena kabla ya kufika Kamuli, Jumatatu anakabidhiwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Nimesikia," alisema Pastory.

"Nami nimesikia," alisema Agnetha, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtengea mumewe chai bila kuigonga meza.

Usiku ule Placidius hakulala vizuri. Alikuwa ameapa kwa mdomo, na moyo ulikuwa haujaulizwa.

Si kwamba hakuwa amehangaika. Fundi Jovitus wa Omurushaka, kijana mwenye kelele nyingi na mikono mizuri, alikuwa amemfungua Bihogo mpaka akachoka. Alisema tangu mwanzo kwamba ugonjwa ni wa chakula: dizeli haifiki kwenye injini. Alibadilisha filta. Alikata mipira iliyochakaa akaweka mipya, kwa sababu mpira uliopasuka huvuta upepo badala ya mafuta. Alitoa upepo wote kwenye mfumo, akakagua nozeli, akasikiliza pampu kwa sikio lililobandikwa kwenye mpini wa bisibisi. Mwisho alitundika kidumu cha dizeli pembeni ya boneti, akaunganisha mpira moja kwa moja hadi kwenye pampu, na Bihogo akanguruma mchana kutwa bila kukosea.

"Basi injini haina kosa," Jovitus alisema. "Ugonjwa uko nyuma, kwenye tangi."

Waliliteremsha tangi wakaliosha. Walitoa mchanga kidogo na mende mmoja aliyekufa zamani. Jovitus alipolirudisha, alikiangalia kizibo cha Placidius akakigeuzageuza mkononi kwa heshima.

Hapo lazima niseme habari ya kizibo. Mfuniko halisi wa tangi ulikuwa umedondoka msimu wa kahawa uliopita, na wa kufanana nao haukupatikana Omurushaka wala Kayanga. Placidius alijaribu kuziba kwa tambara, dizeli ikaruka na kuzinukisha ndizi za watu. Ndipo akakumbuka kwamba yeye ni nani. Yeye alikuwa mpika rubisi, na katika Kanoni hapakuwa na mtu aliyemfikia kwa kuziba kibuyu. Alichukua maganda makavu ya mgomba, akayasokota yakawa kiini kigumu. Alibabua jani bichi juu ya moto mpaka likalegea kama kitambaa. Akalizungusha juu ya kiini, tabaka juu ya tabaka, akakigongomea kwenye mdomo wa tangi. Halikutoka tone. Hata harufu haikutoka.

"Mzee, hiki ni kizibo," Jovitus alikuwa amesema. "Siku moja nitengenezee kimoja kwa ajili ya kibuyu cha bibi yangu."

Placidius alivimba kichwa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakuweza kumruhusu Bihogo aende ugenini na kizibo kilichonyauka. Kwa safari za kawaida, za magunia na za fahali, kizibo kikuukuu kilitosha, japo kilikuwa kimesinyaa na kucheza. Lakini kila alipojiandaa kwenda kwa wakwe, aliamka mapema, akababua jani jipya, akamvalisha Bihogo kizibo kibichi, kama mtu anavyovaa shati la Jumapili.

Siku ya safari ya tatu alifanya hivyohivyo, tena kwa uangalifu zaidi. Alikigonga kizibo kwa nyuma ya panga mpaka kikakubali. Kisha akaziba madumu mawili makubwa ya rubisi ya wakwe, na kidumu kidogo cha njiani. Hicho cha njiani alikipachika mrija wa tete katikati ya kizibo, ili watu wamiminiwe bila kumwagiwa. Elipidius alibaki nyumbani, kwa sababu mwoaji haendi kujiombea mwenyewe. Jovitus alichukuliwa Omurushaka na kukalishwa nyuma pamoja na spana zake. Hilo lilikuwa sharti la Agnetha. Pastory alikaa naye, akijikumbusha hotuba yake kwa sauti.

Walipita Omurushaka wakipunga mikono. Barabara ikaanza kupanda na kushuka kati ya migomba na mibuni, asubuhi ikiwa safi, na Placidius alianza kupata matumaini. Alianza hata kupiga mluzi. Agnetha, aliyekaa kando yake na kikapu mapajani, alianza wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

Bihogo akaguna.

"Usiimbe," alisema Placidius.

"Sasa wimbo wangu una nini?"

Bihogo aliguna tena, akatetemeka, akapanda kilima nusu kwa nguvu na nusu kwa huruma ya Mungu, kisha akalala katikati ya mwinuko, mbele ya shamba la watu. Kuku mmoja alivuka barabara bila haraka.

"Mimi sisemi," Pastory alisema kutoka nyuma. "Ila niliapiwa."

Placidius alishuka akasimama na kumtazama Bihogo. Alisikia uchungu mkubwa, na aliuona uchungu huo kuwa ni wa haki. Watu wengine wangesema ni chuma tu. Lakini chuma hicho ndicho kilichomsomesha Elipidius, na ndicho kilichombeba marehemu baba yake Placidius safari ya mwisho, na alikuwa hajawahi kukiomba kitu kikakataa, mpaka mwaka huu wa kuposa.

"Nitalitimiza neno langu," alimwambia mkewe. "Mtu anayekwenda kuomba mtoto wa watu hawezi kuanza kwa kuvunja kiapo. Ila nisikilize, Mama Elipidius. Ninampenda huyu. Sioni haya kusema. Kumuuza akatwe vipandevipande, itaniuma mpaka nife."

Agnetha alimtazama. Kisha akaenda nyuma kutafuta kidumu cha njiani, maana watu walikuwa wameanza kutoka mashambani, na mtu anayekuja kukusukumia gari humwachi na koo kavu.

Jovitus alikuwa tayari kichwa ndani ya boneti. Alilegeza kiskurubu cha kutolea upepo, akabonyeza pampu ya mkono. Pampu ilishuka, haikupanda tena. Akaivuta kwa vidole. Ikapanda kwa shida, alipoibonyeza ikashuka na kubaki hukohuko.

"Ajabu hii," alisema. "Kama kuna mtu kule nyuma anaishikilia dizeli asituachie. Njia imeziba. Mzee, inabidi tuteremshe tangi tena."

"Hapa barabarani?"

"Mimi ningependa iwe chini ya mwembe, lakini ndipo alipolala."

Agnetha, wakati huo, alikuwa akimmiminia mkulima mmoja mwenye jembe begani. Rubisi ilitoka kwenye tete vizuri, ikajaza nusu ya kikombe, ikapungua, ikawa matone, ikakata. Alikitikisa kidumu. Kilikuwa kimejaa, uzito wake ulisema hivyo, lakini hakikutoa kitu. Mashavu yake ya plastiki yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee asiye na meno.

"Baba Elipidius na vizibo vyake," Agnetha alisema. Alichomoa pini kwenye kanga, akakitoboa kidumu juu, karibu na mpini. Kidumu kikapiga mluzi mdogo, mashavu yakarudi, na rubisi ikatiririka mpaka kikombe kikafurika. "Hata pombe inataka kuvuta pumzi ndipo itoke," alimwambia mkulima. "Kunywa, mwanangu."

Placidius aliona yote hayo. Alikitazama kidumu. Alimtazama Jovitus aliyekuwa akivutana na pampu isiyopanda. Kisha, polepole, kama mtu anayekumbuka amesahau chungu motoni, aliugeuza uso wake kuelekea kwenye mdomo wa tangi, na kwenye kile kizibo kibichi, kizuri, kilichokaa imara bila kuacha upenyo wa sindano.

Miaka yote alikuwa akijua kwamba rubisi inayochacha lazima iachiwe njia ya kutolea pumzi, la sivyo kibuyu kitapasuka. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna chombo kinachohitaji kuvuta pumzi ndani. Kila dizeli ilipotoka kwenda mbele, nyuma yake hapakuingia kitu cha kushika nafasi. Bihogo hakuwa mgonjwa wala hakuwa mwoga. Alikuwa amezibwa pua na mwenyewe, tena mara tatu, tena kwa heshima.

Sasa hapa ndipo mtu hujulikana. Mtu jasiri angeita watu akawaambia. Placidius alikuwa jasiri kiasi. Aliweka mikono nyuma, akazunguka gari akijifanya anakagua tairi, akainama, akatazama huku na huku, akakishika kizibo kwa vidole viwili ili akilegeze kidogo tu, kimyakimya, Bihogo awake, na Jovitus apate sifa zake.

FYUUUUUUUU!

Sauti ilikuwa ndefu kama ya mtu aliyezamishwa mtoni akaibuka. Mkulima alidondosha jembe. Pastory aliruka kutoka nyuma ya gari akipiga kelele kwamba kuna nyoka. Tangi lenyewe lilipiga "tong!" likijinyoosha. Kila mtu aligeuka, na walichokiona ni Placidius amechuchumaa, kizibo mkononi, uso wake ukiwa wa mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

Jovitus alibonyeza pampu ya mkono. Ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda.

"Mzee," alisema taratibu. "Hebu nionyeshe hicho kizibo."

"Ni mimi," alisema Placidius. Aliona hakuna pa kukimbilia. "Nimemnyonga mwenyewe. Kila nikienda kwa wakwe namwekea kipya. Ndiyo maana kwenye magunia haugui."

"Na mimi nilikisifia!" Jovitus alijipiga paji la uso na mkono wa grisi. "Nimemfungua mpaka nozeli, kumbe mtu ameshikwa pua! Nimeosha tangi, nikalirudishia kizibo kwa mikono yangu!"

Hapo Agnetha alianza kucheka. Alianza kidogo, kwa adabu, mkono ukiwa mdomoni. Kisha kicheko kikamshinda, akakaa kwenye nyasi kando ya barabara, kidumu mapajani, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Wakulima wakacheka kwa kumwona yeye. Placidius alisimama pale na aibu yake, lakini moyoni alijisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizopita, kwa sababu kicheko kile alikuwa amekikosa.

Walichomoa tete kwenye kidumu wakalipitisha katikati ya kizibo cha tangi. Jovitus akalifunga juu kitambaa chepesi ili lisivute vumbi, akatoa upepo uliobaki, akapiga kelele, "Washa!" Bihogo aliwaka mara moja. Vilima vilivyobaki alivipanda kama ndama, na kadiri alivyozidi kwenda vizuri ndivyo Placidius alivyozidi kunyamaza. Kiapo kilikuwa wazi. Bihogo alikuwa amelala kabla ya Kamuli, na Pastory alikuwa ameketi palepale nyuma na masikio yake mawili.

Kwa Cleophace, baba yake Avelina, walipokelewa na shikamoo za watoto na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Agnetha alichukuliwa jikoni na mwenye nyumba wa kike, Mama Avelina. Wanaume walikaa sebuleni. Pastory alisimama akaeleza kwa nini mara mbili hawakufika. Alitaja mvua, madaraja, na mapenzi ya Mungu, na alikuwa karibu kuliingiza tetemeko la ardhi Cleophace alipoinua mkono.

"Tutayasikia yote, mshenga. Kwanza tufungue kinywaji."

Alikishika kizibo cha dumu la kwanza, akavuta. Akavuta tena. Akaliweka dumu kati ya magoti, akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Waitu, jamani! Nani ameziba hii?"

Jovitus, aliyekuwa ameketi mlangoni, alitazama dari. Pastory alikohoa. Placidius alitaka kujizuia, akashindwa, na ikabidi habari yote isimuliwe tangu mfuniko uliodondoka hadi kiapo cha boneti. Cleophace alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Watu waliochungulia dirishani waliwapelekea habari wale walioshindwa kuchungulia. Posa ambayo ingeanza kwa kununiana ilianza kwa watu kufutana machozi.

Mambo yalikwenda vizuri. Yaliyotakiwa kutajwa yalitajwa, yakakubaliwa bila kuvutana sana. Kabla ya kufunga, Cleophace aliitwa jikoni, akakaa kidogo, akarudi akiwa amejitia uzito usoni.

"Kuna sharti moja limebaki," alisema, "nalo limetoka kwa mama wa binti. Siku ya harusi, Avelina hatapanda gari la kukodi. Atachukuliwa hapa na Bihogo. Na mjukuu wa kwanza akipatikana, tunataka aletwe kutusalimia ndani ya Bihogo huyohuyo. Mkishindwa hilo, basi."

Placidius alimtazama Pastory. Pastory alifikiri kwa muda, maana alikuwa mshenga na pia alikuwa shahidi.

"Upande wa binti ukiomba, upande wa kijana haukatai," alisema hatimaye. "Desturi hiyo ilikuwapo kabla yako na kabla ya vyuma chakavu. Kiapo chako kimekutana na mkubwa wake, Placidius. Kaa chini."

Placidius alikaa chini. Machozi yalimtoka mbele ya wakwe na hakuyafuta.

Walirudi jua likiwa bado juu ya migomba. Nyuma, Pastory na Jovitus walikuwa wameshiba na kulewa kidogo, wakibishana nani aliyemwona nyoka. Bihogo alishuka na kupanda vilima akipumua kwa tete lake.

"Tuna bahati," alisema Placidius. "Fikiria, Mama Avelina kumtaka Bihogo, hata hajawahi kumwona kabla ya leo."

"Bahati gani?" alisema Agnetha. "Nilimwomba mimi, jikoni."

Placidius alisahau kubadilisha gia.

"Wewe? Si ndiwe uliyetaka auzwe?"

"Nilitaka uache kuniaibisha. Wewe ndiye uliyeapa." Alipitisha kiganja juu ya kiti, pale palipokuwa pameshonwa na kushonwa tena. "Mwanangu nilimzaa hapa, Baba Elipidius. Ulidhani unampenda peke yako?"

Placidius aligeuka akakitazama kile kiti.

"Tazama barabara," Agnetha alisema, na akaanza tena wimbo wake pale alipoukatisha asubuhi. Bihogo hakuguna.